Zimwi Lililotoa Shikamoo

Usiniulize nilifikaje Shwari. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi, nimelichora bara zima ubaoni kwa chaki bila kutazama kitabu, na nchi hiyo sikuwahi kuichora wala kuisikia. Kwa hiyo nilipojikuta niko huko, nilichohisi kwanza hakikuwa furaha ya msafiri bali hasira ya mwalimu aliyefichwa kitu. Hasira yenyewe haikudumu. Washwari ni watu wakarimu, wana chai nzuri na vitumbua vinono, na ni vigumu kumnunia mtu anayekuongezea kitumbua cha pili kabla hujamaliza cha kwanza.

Nieleze mapema sheria zao mbili, maana bila hizo mkasa wangu hautakuwa na kichwa wala miguu.

Sheria ya kwanza inasema kwamba hofu imefutwa. Bunge lao liliifuta zamani, kwa kura nyingi na makofi, na tangu hapo hakuna Mshwari anayeogopa kitu. Au niseme, hakuna anayekiri. Radi ikipiga, redio hukatiza muziki na kutangaza kwamba mlio uliosikika ni wa kawaida na haumhusu mtu yeyote. Nyoka akiingia sebuleni, wenye nyumba huinuka taratibu na kwenda nje kupunga upepo, familia nzima, hata kama mvua inanyesha. Kumshtua mtu ni kosa. Matokeo yake ni kwamba kwikwi huko haiponi. Nimekutana na watu wenye heshima zao waliokuwa na kwikwi ya miaka, wanaongoza mikutano nayo, wanafunga ndoa nayo, na wenzao wamezoea kunyamaza katikati ya sentensi ili kuipisha.

Sheria ya pili haikuandikwa popote lakini ndiyo inayofuatwa zaidi: mkubwa hageuki. Kwao kama kwetu, mdogo hutoa shikamoo na mkubwa huitikia marahaba. Tofauti ni kwamba Mshwari wa kawaida akisalimiwa hugeuka mwili mzima. Akipandishwa cheo, hugeuza shingo tu. Akipanda tena, hugeuza macho. Akifika juu kabisa hageuzi kitu. Huitikia huku akitazama mbele, na aliyemsalimia hubaki mgongoni kwake na salamu yake. Mafundi cherehani hushona kola kwa kufuata cheo, na kola ya mkubwa huwa ngumu na hupanda hadi masikioni. Ni nguo ya kupendeza ukiitazama kwa mbali. Mwenyewe, bila shaka, hawezi kuitazama hata kwa karibu.

Mwenyeji wangu aliitwa Bi Raya, mama mnene mwenye sauti ya upole, katibu wa Baraza la Umri wa Picha. Baraza hilo huamua kila filamu itazamwe na watu wa umri gani, na Bi Raya alijivunia kazi yake mno, akanialika nikaone jinsi inavyofanyika.

"Tunaweka mabenchi ukumbini kwa umri," alinieleza. "Benchi la miaka saba, la kumi na mbili, la kumi na nane, la arobaini na kuendelea. Picha inaonyeshwa. Benchi likipiga kelele, umri ule unapigwa marufuku."

"Na wajumbe wa Baraza wanakaa benchi gani?"

"Wajumbe hawatazami picha, Mwalimu. Ni wakubwa. Wanakaa mbele, wameipa mgongo, wanazitazama nyuso za watazamaji."

"Lakini hofu si imefutwa?"

"Imefutwa kabisa," alisema Bi Raya. "Ndiyo maana lazima tujue iko wapi."

Nilikunywa chai yangu. Aliendelea kunisimulia kwamba picha ya kutisha iliyotangulia, miaka mingi iliyopita, ilipewa umri wa miaka mia moja na tano, na katika nchi nzima aliruhusiwa kuitazama bibi mmoja tu. Yule bibi aliletwa kwa kiti, akatazama huku akitafuna njugu za kuchemsha, na mwisho aliomba irudiwe. Na kabla ya hapo, kwa picha nyingine, palitokea mgogoro mkubwa kati ya wajumbe wawili ambao wapo hadi leo. Bi Mkunde alishikilia kwamba hofu huingia kwa masikio. Bwana Mshamu, mwenye kwikwi ya tangu ujana, alishikilia kwamba huingia kwa macho. Mwishowe walipatana. Watoto waliingizwa ukumbini, wakafumba macho na kuziba masikio, wakakaa hivyo hadi picha ilipokwisha, na taarifa rasmi inasema kwamba walifurahi.

Asubuhi ya kupima picha niliwakuta wanafunzi wa Chuo cha Sanaa wamekaa kwenye ngazi za Baraza. Kiongozi wao alikuwa Chausiku, msichana mrefu mwenye kilemba cha kitenge, aliyekuwa akitafuna kucha. Yeye ndiye aliyeitunga ile picha na kuiongoza. Kando yake alikaa mtoto wa kike wa miaka saba, hana meno mawili ya mbele, anautafuna muhogo mbichi kwa magego na kwa bidii zote.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Chausiku.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mmekaa kama wanaosubiri matokeo ya mtihani?"

"Afadhali mtihani. Mtihani mtu unausomea." Akamgusa mtoto begani. "Huyu ndiye zimwi letu. Kidawa, msalimie babu."

"Shikamoo, babu," alisema zimwi, mdomo umejaa.

Nilimwuliza kazi yake katika picha ni nini, naye alinieleza kwa utaratibu, akihesabu kwa vidole. "Mimi nakuja nyuma ya mtu. Natoa shikamoo. Akiitika bila kugeuka, namla. Akigeuka akaniangalia, naona haya, nakimbia."

"Na wanageuka wengi?"

"Hawageuki," alisema kwa masikitiko ya mtu aliyeshiba. "Nimewala wote."

"Ulikuwa unatafuna nini hasa?"

"Huu huu muhogo. Kaka wa sauti aliniwekea maiki hapa." Akanionyesha taya.

Nilicheka, nikamwuliza kama alijiona alivyopendeza. Hapo uso wake ukabadilika. Aliutazama muhogo wake bila kuutafuna.

"Hajaiona," Chausiku alijibu kwa niaba yake. "Sheria hairuhusu mtu kuiona picha kabla haijapewa umri, ila watu wa mabenchi, na aliyemo ndani ya picha hakai benchini. Mimi nimeiona kwa sababu ndiye niliyeihariri, na mhariri anaruhusiwa, mradi asiifurahie. Na wakishatoa umri, ambaye hajaufikia haingii. Wakisema kumi na nane, Kidawa atasubiri mpaka awe mtu mzima."

"Nitakuwa na meno," alisema Kidawa polepole. "Nikiwa na meno sitajijua. Nitasema, huyu mtoto wa nani?"

Chausiku aliacha kutafuna kucha. "Alisimama juani amepakwa unga, Mwalimu, amefungwa mkia wa kamba, na hakulalamika hata kidogo. Nilimwuliza nimpe nini. Akasema anataka kujiona. Nikamwahidi. Sasa nimekaa hapa nasubiri watu wasiogeuka waniambie kama mimi ni mwongo."

Sikufichi, msomaji: mimi ni mwoga wa picha za kutisha, na kabla ya asubuhi ile ningeunga mkono hata miaka mia mbili. Lakini nilipomwona yule mtoto akiurudisha muhogo mdomoni bila hamu, moyo wangu ulihama papo hapo. Nilitamani aruhusiwe kuliko nilivyotamani kurudi kwetu.

Mlinzi alimzuia Kidawa mlangoni, kama sheria ilivyotaka, akabaki kwenye ngazi. Sisi tukaingia. Kwa kuwa nilikuwa mgeni wa Baraza, Bi Raya alinipa heshima ya kukaa mbele pamoja na wajumbe, kiti changu kikiwa kimelipa mgongo pazia jeupe la kuonyeshea picha, uso wangu ukitazamana na mabenchi. Kwenye benchi la miaka saba watoto walikuwa wakisukumana. Kwenye benchi la arobaini na kuendelea watu walikaa wima, mikono magotini, wakiwa na utulivu wa raia wema.

Kisha akaingia Mwenyekiti, Mzee Hatibu. Nilikuwa sijaona kola ya namna ile. Shingo yake yote ilikuwa ndani, na uso ulichungulia juu yake kwa shida. Ukumbi mzima ukasimama na kusema, "Shikamoo, Mheshimiwa," na yeye akaitikia marahaba akiuelekea ukuta, akaongozwa hadi kitini. Bi Raya aliniambia kwa kunong'ona kwamba hata wajukuu wake huwajua kwa sauti tu.

Kabla ya picha kuanza palikuwa na mjadala, maana Washwari hawafungui kitu bila mjadala.

"Nimesoma muhtasari," alisema Bi Mkunde, mwanamke mwembamba mwenye pamba masikioni, ambayo huitoa pale tu anapotaka kumsikia mtu. "Hakuna haja ya kupima. Zimwi lina umri gani?"

"Miaka saba," alijibu Chausiku, aliyesimama pembeni.

"Basi. Mdogo hawezi kumtisha mkubwa. Ni utovu wa adabu. Picha hii haiwezi kumtisha mtu yeyote aliyezidi miaka saba. Walio hatarini ni wa miaka saba na chini."

"Lakini muhtasari unasema li-" Bwana Mshamu alipata kwikwi, tukaipisha, "-natoa shikamoo. Lina adabu kuwashinda wengi."

"Lenye adabu halitishi," alisema Bi Mkunde.

"Basi si zimwi."

"Basi si picha ya kutisha, na haikustahili kuletwa hapa."

Walizunguka hivyo hadi Mzee Hatibu alipopiga kiganja kwenye kiti. Hakuwa mkali. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuzungumza na kuta. "Ionyesheni," alisema. "Sisi tutatazama nyuso."

Taa zikazimwa. Nyuma yangu kukasikika baiskeli ikitengenezwa, nyundo ikigonga chuma, mtu akipiga mluzi. Kisha sauti ya mtoto, ya upole mno: "Shikamoo." Sauti ya mwanamume, bila nyundo kusimama: "Marahaba." Pakawa kimya. Halafu nikasikia kitu kikitafunwa.

Nilijua ni muhogo. Nilikuwa nimeuona ule muhogo kwa macho yangu. Hata hivyo nywele za kisogoni zilinisimama.

Nilitazama nyuso, kwa kuwa ndiyo kazi tuliyopewa. Watoto wa miaka saba walikuwa wameegemea mbele, midomo wazi, wanang'aa kwa furaha. Benchi la arobaini na kuendelea lilikuwa limeanza kushikana mikono chini chini. Nyuma yangu kukasikika kalamu ikiandika kwa haraka, na sauti ya mwalimu mkuu aliyekasirishwa na insha. "Shikamoo." "Marahaba, subiri nje." Kimya. Kutafuna. Kisha mwanamke akiongea na simu, anacheka, anamsema shoga yake. "Shikamoo." "Marahaba, hebu ngoja kidogo." Kimya, na tafuno moja tu, la kujilamba.

"Ameliwa!" mtoto mmoja alipiga kelele ya raha. "Na yeye ameliwa!"

Halafu sauti zote zikaisha. Hapakuwa na nyundo, wala kalamu, wala simu. Nilisikia nyayo ndogo tu, pekupeku, zikija polepole. Baadaye niliambiwa kwamba katika pazia hapakuwa na mtu mwingine aliyebaki, ila zimwi likitembea kuelekea ukumbini, linatukazia macho. Hatukuona. Tuliona nyuso za watu wazima zikigeuka majivu, macho yote yakiwa yamekwama mahali fulani nyuma ya visogo vyetu, na nyayo zikasimama. Na ile sauti ya upole ikasema, karibu kabisa:

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba!" tuliitikia.

Wote. Kwa pamoja na kwa mazoea, bila kugeuka. Na mimi, niliyeambiwa kila kitu kwenye ngazi na zimwi mwenyewe, niliitikia kwa sauti kuliko wote.

Kisha benchi la miaka saba likalipuka. "Wameitika! Wameitika!" Walituonyesha vidole, wakaanguka kwa kucheka, wa kumi na mbili wakafuata, na nyuma yetu, taratibu, taya likaanza kutafuna.

Benchi la arobaini lilipiga ukelele mmoja mrefu. Bi Mkunde aliruka akaangukia mapajani kwa Bwana Mshamu. Bwana Mshamu alilia "Mama!" Mimi sina hakika nilisema nini, lakini Bi Raya anasema nilitaja milima ya Afrika Mashariki kwa mpangilio wa urefu. Na katikati ya vurugu ile nilisikia kitu kikipasuka kwa sauti kavu, nikatazama kando, nikaona kola ya Mzee Hatibu imefunguka kuanzia sikioni hadi begani. Mzee alikuwa akigeuka. Aligeuka kwa shida, ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, na alipofika mwisho wa kugeuka akafungua macho.

Na mimi nikageuka. Hicho ndicho kipande pekee cha picha nilichokiona siku ile. Katika pazia alikuwepo mtoto aliyepakwa unga, masizi kuzunguka macho, mkia wa kamba, kipande cha muhogo mkononi. Aliona ametazamwa. Akaacha kutafuna, akacheka kwa aibu, pengo lote nje, akajifunika uso kwa kanga na kukimbia mpaka akapotea kwenye shamba la mahindi. Picha ikaisha.

Taa ziliwashwa. Bi Mkunde alijitoa mapajani kwa mwenzake na kujikung'uta kanzu. Bi Raya alisimama mahali pake, akasafisha koo, kwa kuwa zamu yake ya kusema ilikuwa imefika na yeye ni mtu wa kazi.

"Benchi la miaka saba limecheka. La kumi na mbili limecheka na kuonyesha vidole. La kumi na nane limefumba macho na kisha kuomba iongezwe. La arobaini na kuendelea limepiga kelele." Akasita. "Baraza limepiga kelele. Na mgeni." Hapo hakunitazama, nami nilishukuru.

Bi Mkunde aliinuka. "Baraza halikupiga kelele. Baraza limekohoa. Hofu imefutwa, na Baraza ndilo lililokabidhiwa jambo hilo. Iandikwe kikohozi, na picha ipewe miaka mia moja na tano kama ile nyingine, na sote twende tukale."

Nilimtazama Chausiku. Alikuwa amesimama wima ukutani, ngumi zimekunjwa, na nilijua anamfikiria nani. Nje ya mlango, mtu mdogo alikuwa akigonga kwa kisigino, polepole, kama anayegonga kwa ajili ya kujiliwaza tu.

"Nani aliitengeneza sehemu ile ya mwisho?" aliuliza Mzee Hatibu. Kola ilining'inia kifuani, na kwa mara ya kwanza niliiona shingo yake. Ilikuwa shingo nyembamba ya mzee, ya kawaida kabisa.

"Mimi, Mheshimiwa," alisema Chausiku.

"Ulijua tutakuwa tumekaa hivi."

"Nilijua."

"Ulitaka kutuaibisha?"

Chausiku alizikunjua ngumi. "Nilitaka mgeuke, Mheshimiwa. Nilikuwa mdogo kama Kidawa nilipokutolea shikamoo sokoni. Uliitikia vizuri sana. Nilikuzunguka nije mbele ili unione, walinzi wakanirudisha nyuma. Nilikasirika mpaka nikatamani kukula."

Mtu mmoja kwenye benchi la nyuma alicheka, akajizuia. Bi Mkunde aliweka pamba masikioni. Mzee Hatibu alimtazama yule msichana kwa muda, kilemba, kucha zilizotafunwa, vumbi la ngazi kwenye sketi. Nadhani alikuwa hajamtazama mtu kwa muda mrefu hivyo tangu apewe kola.

"Katibu," alisema, "usiandike kikohozi. Niliogopa."

Ukumbi ulishusha pumzi.

"Niliogopa sana. Nilisikia nyayo zile nikajua ni mimi ninayefuatwa, na kwamba nimekwisha kuitikia." Akajishika shingo. "Halafu nikageuka, na kumbe ni mtoto. Sikumbuki nilifurahi hivi lini."

Sasa sijui nieleze vipi kilichofuata ili uniamini. Bwana Mshamu alisimama akaweka mkono kifuani. "Waheshimiwa," alisema, "kwikwi yangu imekwisha." Akasubiri. Sote tukasubiri, tumezoea kuipisha. Haikuja. Machozi yakamtoka. "Imekwisha! Nimesema sentensi nzima!" Akaisema nyingine, ndefu, yenye visa ndani yake, kwa raha tu ya kuifikisha mwisho.

Kisha baba mmoja mnene, askari kwa mavazi yake, akanyanyuka kwenye benchi la arobaini. "Mimi naogopa mende," alisema. "Wale wanaoruka." "Mimi bata bukini," alisema mwenzake. "Mimi naogopa mama mkwe wangu, na yupo hapa, na namheshimu." "Mimi radi! Kila ikipiga!" Walikuwa wakipokezana maneno kama watu wa harusini, wanakumbatiana, wanapigana viganja, na watoto wa miaka saba wanawashangaa. Hata Bi Mkunde alitoa pamba moja, akasikiliza kidogo, na kusema kwa sauti ya chini kwamba yeye huogopa ukimya. Bi Raya alikwenda kukaa karibu naye.

Uamuzi ulitolewa kabla ya chakula. Palikuwa na ubishi, kwani hakuna aliyewahi kusikia watu wazima wakipigwa marufuku, lakini sheria ilikuwa wazi na benchi lililopiga kelele lilijulikana. Bwana Mshamu, aliyekuwa hanyamazi tena, ndiye aliyeomba ulegezwe, kwa sababu yeye mwenyewe alitaka kuiona. Mzee Hatibu akautamka:

"Picha hii ni ruhusa kwa watoto wote. Aliyezidi miaka arobaini haruhusiwi kuitazama, isipokuwa awe ameshikwa mkono na mtoto."

Chausiku hakusubiri tuinuke. Alikimbia hadi mlangoni, akausukuma, akapiga magoti kwenye ngazi. Sikusikia alilosema. Nilisikia tu zimwi likiuliza, "Hata bila meno?" na nikaona muhogo ukiruka juu hewani.

Picha ilifunguliwa Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa mjini. Foleni yake ilikuwa ya ajabu kuliko zote nilizowahi kupanga: wazee wenye mvi, majaji, wakunga, makarani, kila mmoja ameshikiliwa na mtoto, na wasio na watoto wanaazima kwa majirani. Wengi walikuwa wamekata kola zao. Mafundi cherehani, nilivyosikia, walikuwa na kazi mpaka mwisho wa mwezi. Mbele yangu alisimama Mzee Hatibu na mjukuu wake wa kike. Hakuwa anasonga na foleni vizuri, maana alikuwa ameinama anamtazama.

"Una mwanya," alimwambia. "Sikujua. Kama wa mama yangu."

"Ninao siku zote, babu," alisema mtoto. "Twende, watu wanasonga."

Nilipofika mlangoni mlinzi alininyooshea mkono. "Shikamoo, Mwalimu. Umri?"

Nilimtajia.

"Mtoto wako yuko wapi?"

Sikuwa naye. Nilikuwa mgeni pekee katika nchi ile, na wanangu wako mbali, nao wana watoto wao. Nilimweleza kwamba mimi ni mgeni wa Baraza, nimekwisha kuliwa mara moja, na sina neno. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaniambia sheria ni sheria. Nilisogea pembeni. Nakiri kwamba roho iliniuma, mzee mzima nimefungiwa nje ya picha ya watoto, na vicheko vimeshaanza kusikika ndani.

"Shikamoo," ilisema sauti ya upole nyuma yangu.

Marahaba ilikuwa imeshafika mdomoni. Niliizuia. Niligeuka, si shingo, si macho, bali mwili mzima na viatu vyangu, nikamtazama vizuri: gauni jipya la njano, nywele zimesukwa, pengo lilelile.

"Marahaba, Kidawa," nilisema.

Aliona haya, akacheka, lakini safari hii hakukimbia. Alinipa mkono, mdogo na wenye unga wa muhogo, tukaingia wote wawili gizani kutafuta viti.

"Ukiogopa, finya," aliniambia. "Ila usipige kelele, babu. Nataka kujisikia nikitafuna."